Mkono wa mfumaji nao uhesabiwe katika bei

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nizungumze na wasomaji wako kuhusu bei ya kazi za mikono zinazofanywa majumbani mwetu, hasa vitambaa vya kufuma, na pamoja navyo shanga, mikeka na kofia. Hoja yangu ni moja. Tunaponunua au kuagiza vitu hivi, tunalipia uzi, ukindu na shanga, lakini mara nyingi tunaacha kuulipa mkono uliovitengeneza. Na desturi hiyo haikuanzia sokoni, bali ilianzia ndani ya familia zetu wenyewe, ndiyo maana ni ngumu kuitaja na ni ngumu zaidi kuiacha.

Mimi ni mfumaji wa hapa Tanga, nami nilifundishwa kazi hii nyumbani, kama walivyofundishwa wanawake wengi wa rika langu. Ninafuma vitambaa vya makochi, vya meza na vya kufunikia redio na televisheni, na wakati mwingine kofia na soksi za watoto wachanga. Wasiofuma huona kitambaa kilichokwisha kufuliwa, kikatiwa wanga na kunyooshwa, kimetulia juu ya kochi, wasijue kimepitia nini. Kitambaa huanza na mnyororo mfupi wa uzi uliofungwa kuwa duara, kisha kila mzunguko hujengwa juu ya mzunguko uliotangulia, na mfumaji hana budi kuhesabu kila tundu, kwa sababu akikosea hesabu katika mzunguko wa tano, ua litapinda katika mzunguko wa kumi, na hapo hapana dawa isipokuwa kufumua na kurudi nyuma. Kazi hii hufanyika usiku, baada ya vyombo kuoshwa na watoto kulala, au mchana katika vipande vya muda vinavyopatikana kati ya kuchota maji na kuinjika chungu. Macho huchoka, shingo hukakamaa, na kidole cha shahada kinachobeba uzi huota sugu.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui, nalo linastahili kusemwa wazi. Sweta inaweza kufumwa kwa mashine, na mashine ya kufuma soksi ilibuniwa Uingereza na William Lee tangu mwaka 1589. Kroshia, yaani kufuma kwa sindano moja yenye ncha iliyopinda kama ninavyofuma vitambaa vyangu, ni kazi ya namna nyingine. Mpaka leo viwanda havijapata mashine ya kuifanya kazi hiyo kwa biashara. Vile vitambaa vya kiwandani vinavyofanana na kroshia ni mwigo uliofumwa kwa njia tofauti, na anayeijua kazi hutambua akishika tu. Maana yake ni kwamba kila kitambaa cha kroshia ya kweli, kiwe kimeuzwa Tanga, Nairobi au London, kimepita tundu kwa tundu katika vidole vya mtu. Kikiuzwa kwa bei ya kutupa, basi kuna mtu mahali fulani ambaye saa zake zimetupwa pamoja nacho.

Nitatoa mfano wa hesabu, si kwa kudai kwamba ndiyo bei ya kila mahali, bali kwa kuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Tuseme mwanamke amepewa kazi ya kufuma seti ya vitambaa vya makochi, naye anafuma saa 3 kila usiku kwa wiki 4. Hizo ni saa 84. Tuseme uzi umemgharimu shilingi 40,000, na seti ameiuza kwa shilingi 90,000. Zinabaki shilingi 50,000, ambazo ukizigawa kwa saa zake hupati hata shilingi 600 kwa saa moja. Sasa mteja anakuja na maneno ya kawaida, "Mama, nipunguzie kidogo," na baada ya mazungumzo wanakubaliana shilingi 75,000. Mteja huyo anaondoka akiamini kwamba amepunguziwa sehemu moja ya sita ya bei, jambo ambalo sokoni si kubwa. Lakini muuza uzi hakupunguza kitu. Shilingi 15,000 zote zimetoka katika zile 50,000 za mkono, yaani mfumaji amekatwa asilimia 30 ya ujira wake kwa dakika chache za maneno matamu. Ninaamini wanunuzi wengi wana huruma, na wangelijua kwamba kila shilingi wanayoibembeleza inatoka huko, wangeibembeleza kwa kiasi.

Lakini mteja wa sokoni si mzito kama ndugu. Hapa ndipo ningependa wasomaji wanivumilie kidogo, maana ninagusa mambo ya ndani. Binti wa familia anapokaribia kuolewa, au nyumba inapopata seti mpya ya makochi, mfumaji wa ukoo hutumwa ujumbe: "Nifumie, uzi nitanunua mimi." Anayesema hivyo anaona ametimiza wajibu wake wote. Akiwa shangazi, huwezi kumwambia kitu. Akiwa wifi, unaogopa maneno. Akiwa mama mkubwa, unaogopa laana. Basi mfumaji hukubali, akaacha kazi ya mteja aliyekuwa tayari kulipa, akakesha kwa wiki kadhaa, na siku ya siku kitambaa kikatandazwa ukumbini huku watu wakisifu rangi. Fundi seremala aliyelitengeneza kochi lile lile amelipwa mbao na amelipwa ufundi wake, na hakuna aliyethubutu kumwambia, "Mbao nitanunua mimi, wewe nitengenezee tu." Fundi cherehani aliyeshona gauni la bibi harusi amelipwa ufundi mbali na kitambaa, na watu wamemlipa bila manung'uniko. Ni yule tu ambaye kazi yake imefanyika sebuleni kwake, akiwa amekaa mkekani, ndiye anayeonekana kwamba hakufanya kazi.

Najua kuna watakaosema kwamba ninataka kuingiza fedha katika mambo ya mapenzi, na kwamba wazee wetu walifumiana, wakasukiana na kushoneana bila kuandikiana hesabu. Ninaiheshimu hoja hiyo kwa sababu ina ukweli ndani yake. Nimewahi kufuma shuka la kitanda cha mtoto wa ndugu yangu, na sikutaka hata senti, kwa kuwa niliamua mwenyewe, kwa wakati wangu, na kwa furaha ya kumwona mtoto yule. Hiyo ni zawadi. Zawadi huamuliwa na anayeitoa. Inapoagizwa rangi, kipimo na tarehe, kisha ikafuatiliwa kwa simu kila baada ya siku mbili, imekwisha kuwa kazi. Aidha, wazee wetu walikuwa na njia zao za kurudisha: aliyesukiwa mkeka alileta mpunga wakati wa mavuno, au alikuja kushinda nawe na kukusaidia kazi ulipokuwa umejifungua. Ile ilikuwa malipo, ingawa haikuwa fedha. Tulichobakiza sisi ni nusu ya desturi, nusu ile ya kupokea.

Ndani ya nyumba yenyewe pia kuna la kusema. Mwanamke anapofuma, mara nyingi husikia kwamba "anapitisha muda", na mume au watoto humwita mara kumi kwa mambo ambayo wasingemwita kama angekuwa ofisini au dukani. Wanaoiona kroshia kuwa kazi ya kupitishia muda wangefaa kukumbuka yaliyotokea Ireland katika njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipoharibika na watu wengi mno wakafa au kuhama. Watawa na wanawake wengine wenye ujuzi waliwafundisha watu wa familia maskini kufuma lesi za kroshia, na lesi zile zikauzwa mbali na kwao, na fedha zake zikawalisha watu waliokuwa hawana kingine. Sioni haja ya kusubiri njaa ndipo tutambue kwamba sindano yenye ncha iliyopinda inaweza kuleta unga nyumbani. Hapa hapa kwetu, ada za shule, daftari na sare nyingi zimelipwa kwa vitambaa, nami ni shahidi wa nyumba ambazo baba alipokosa kibarua, ni uzi wa mama uliowapeleka watoto darasani.

Ajabu ni kwamba kazi nyingine za mikono za pwani zimehifadhi vipimo ambavyo wafumaji hatuna. Tazama ukili. Makuti machanga ya mkindu hukatwa, huchanwa, huanikwa juani mpaka yakawa meupe, na yale ya rangi huchemshwa na rangi chunguni. Kisha wanawake husuka ukili mrefu mwembamba, ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Hii ni kazi ya nyumba nzima, mtoto akichana, bibi akisuka, mwingine akishona. Lakini msukaji anaweza kuuza ukili wake kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, hata kabla haujawa mkeka, na kila mtu kijijini anajua pima moja inakwenda kwa bei gani wakati huo. Bei yenyewe inaweza kuwa ndogo, na kwa kweli ni ndogo, lakini angalau mkono umepimwa. Kofia za kiua za Zanzibar na Lamu nazo zina namna yake. Vile vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja ndivyo vinavyoamua thamani, na kofia ya kazi nzuri yaweza kumchukua mshonaji miezi. Mnunuzi anayejua huigeuza kofia, hutazama jinsi vitundu vilivyokaribiana na usafi wa upande wa ndani, kisha ndipo anapozungumza bei. Na tusisahau kwamba kofia hizo hushonwa na wanaume pia, nao hawaambiwi kwamba wanapitisha muda. Huenda hilo ni sehemu ya jibu.

Kwa upande wa shanga, dhuluma inakuja kwa mlango mwingine. Wanawake wa Kimasai wanaotengeneza mikufu, bangili na hereni hununua shanga ndogo za kioo ambazo nyingi hutoka Jamhuri ya Cheki, na kabla hawajatunga hata uzi mmoja wamekwisha kutoa fedha mfukoni. Kazi yao inataka macho ya kuona mpangilio wa rangi kabla haujakuwapo, na mkono usiotetemeka. Lakini karibu nao, juu ya meza hiyo hiyo ya soko la vinyago, huwekwa mapambo ya plastiki yaliyotengenezwa kwa wingi ng'ambo kwa mwigo wa kazi yao, na mgeni asiyejua huuliza kwa nini huu ni ghali kuliko ule. Wafumaji wa viondo vya mkonge kule Ukambani walikutana na mashindano ya namna hiyo vikapu vyao vilipopata umaarufu nje ya Kenya. Ndiyo maana siwezi kusema kwamba ndugu na wateja pekee ndio tatizo. Ila mwigo wa kiwandani hatuna nguvu ya kuuzuia kwa barua, ilhali namna tunavyolipana sisi kwa sisi iko mikononi mwetu.

Jambo hili lina matokeo hata katika mipango ya serikali. Halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka uliofuata, nami ninashukuru kwamba imerudi. Kikundi kinachoomba hutakiwa kueleza mradi wake, gharama zake na faida inayotarajiwa. Hapo ndipo wanawake wenzangu huandika bei ya uzi, nauli ya kwenda kununua uzi, na bei ya kuuzia. Wanatoa moja kutoka kwa nyingine, na kinachobaki wanakiita faida. Hawaandiki saa zao, kwa sababu maisha yao yote wameambiwa kwamba saa hizo si kitu. Mradi unaonekana una faida nono, mkopo unatolewa, na miezi inapopita kikundi kinashangaa kwamba vitambaa havifumwi kwa kasi iliyoandikwa, wanachama wamechoka, na marejesho hayaendi. Si wavivu wala si wezi. Hesabu yao ilikosa mstari mmoja tangu siku ya kwanza. Maofisa maendeleo ya jamii wa kata, ambao ndio wanaokaa na vikundi hivi, wangefanya jambo kubwa kama wangewauliza wanawake swali hili kabla ya jingine lolote: kitambaa kimoja kinakuchukua saa ngapi?

Wala si mawazo ya mfumaji mmoja wa Tanga tu. Mwaka 2013, wataalamu wa takwimu za kazi waliokutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani walipitisha azimio ambalo ndani yake kazi ni shughuli yoyote inayofanywa na mtu wa jinsia yoyote na umri wowote ili kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, iwe kwa matumizi ya wengine au kwa matumizi yake mwenyewe. Kwa ufafanuzi huo, hata kile kitambaa ninachofuma kwa ajili ya meza yangu ni kazi. Kabla ya hapo, mwaka 1996, shirika hilo hilo lilipitisha Mkataba namba 177 unaowahusu wanaofanya kazi majumbani mwao kwa ajili ya mwenye biashara, unaotaka watendewe sawa na waajiriwa wengine kadiri inavyowezekana. Nchi zilizouridhia ni chache. Mshonaji wa kofia anayepelekewa kazi nyumbani na mfanyabiashara na kulipwa kwa kila kofia ndiye hasa mtu ambaye mkataba huo ulimfikiria, na wabunge wetu wangefaa kuujadili.

Sitaki nieleweke kwamba kila mfumaji apandishe bei kesho asubuhi. Najua wateja wengine watakimbia, na najua nyumba ambazo shilingi 75,000 zilizo mkononi leo ni bora kuliko shilingi 120,000 za kusubiri. Bei hutegemea mahali, ubora wa uzi na ugumu wa ua. Mtindo wa nanasi haulingani na mraba wa kawaida, na anayeanza kujifunza hawezi kudai sawa na aliyebobea. Ninachokiomba ni kidogo kuliko hicho, nacho hakihitaji mkopo wala sheria. Mfumaji anapopokea kazi, hata ya ndugu, aandike karatasi yenye mistari miwili: uzi, na ufundi. Fundi cherehani hufanya hivyo kila siku, na hakuna ukoo uliovunjika kwa sababu yake. Kama mfumaji anataka kumsamehe shangazi yake mstari wa pili, amsamehe, lakini shangazi auone umeandikwa na ajue amepewa nini. Na mama anayemfundisha binti yake kufuma amfundishe pia kutazama saa anapoanza na anapomaliza, kama anavyomfundisha kuhesabu matundu. Na mtoto wa kiume akitaka kujifunza, asifukuzwe.

Kwako wewe Mhariri, ninalo ombi pia. Ukurasa wako wa familia huchapisha mara kwa mara picha nzuri za vitambaa, mapambo na mikeka pamoja na maelezo ya namna ya kupamba sebule. Ningefurahi kama chini ya picha hizo kungeandikwa, pamoja na aina ya uzi na rangi, muda ambao kazi ile imechukua. Wasomaji wangeanza kuzoea kuiona namba hiyo, na mwanamke anayeitaja bei yake mbele ya mteja asingekuwa peke yake.

Miezi ya kufuma ndiyo inakaribia. Kabla ya Idi, nyumba nyingi za pwani hubadilisha vitambaa vya sebuleni, na mara tu Ramadhani inapokwisha msimu wa harusi huanza. Wafumaji wengi wamekwisha kupokea ujumbe wa kwanza wa "nifumie". Kwa ndugu wote wanaokusudia kutuma ujumbe huo mwaka huu, ninawaomba kwa heshima waongeze swali moja tu mwishoni mwake: na ufundi ni kiasi gani?

Msomaji wako,
Mfumaji, Tanga